Mlingoti, puto, lidari au kompyuta: njia ipi ya kuchunguza hewa ya chini ya Malindi na Lamu?

Kutoka majukwaa ya San Marco yaliyosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, roketi zilirushwa kati ya mwaka 1967 na 1988, na baadhi ya setilaiti zilizobebwa na roketi hizo zilikuwa na kazi ya kupima msongamano wa hewa nyembamba iliyo mamia ya kilomita juu ya vichwa vyetu. Hewa ambayo roketi hizo ziliipita katika sekunde chache za mwanzo, yaani kilomita moja au mbili zilizo juu tu ya mapaa ya makuti na minara ya misikiti, ndiyo ambayo hadi leo inawasumbua wataalamu zaidi.

Wenyewe huliita tabaka la mpaka la angahewa. Ni ile sehemu ya hewa inayopata habari za ardhi au bahari iliyo chini yake ndani ya muda wa saa moja hivi: jua likiuchoma mchanga, hewa hiyo hupata joto na kupanda, jua likitua, hupoa kuanzia chini. Juu ya bara, mchana wa jua kali, tabaka hilo hufika kilomita moja au mbili. Usiku wa shwari hushuka hadi mita 100 au 200, na pengine chini ya hapo. Juu ya bahari ya joto halibadiliki sana baina ya usiku na mchana. Ndani yake hewa husukwasukwa na visulisuli vya kila kipimo, kuanzia vile vyenye upana wa kilomita, vinavyomwinua mwewe bila ya yeye kupiga bawa, hadi vile vya milimita moja ambamo mwendo huishia kuwa joto. Mwaka 1941 Andrei Kolmogorov alieleza jinsi nishati inavyorithiwa kutoka visulisuli vikubwa kwenda vidogo, na kanuni yake imethibitishwa mara nyingi hewani na baharini. Hata hivyo kanuni hiyo haituambii visulisuli vikubwa, ambavyo ndivyo vinavyobeba joto, unyevu na moshi, vitafanya nini juu ya mji wetu leo alasiri.

Swali ninaloletewa mara kwa mara na wanafunzi, wahifadhi wa mikoko na hata manahodha wenye hamu ya elimu ni hili: mtu mwenye uwezo wa kushika njia moja tu ya kulichunguza tabaka hilo, ashike ipi? Njia kuu ni nne, yaani mlingoti wenye vihisi, puto, lidari inayopima kwa leza na modeli ya kompyuta, na ipo ya tano ambayo husahauliwa kwa sababu haina kifaa cha kuonyesha. Kila moja huona jambo ambalo nyingine hazilioni, kwa hiyo nitazilinganisha kwa vigezo vilevile.

Vigezo kabla ya vifaa

Yapo mambo matano ya kujiuliza. La kwanza ni kile ambacho njia inakiona: inafika kimo gani, na inatambua visulisuli vya ukubwa gani. La pili ni wakati: je, inapima mfululizo usiku na mchana, au inachukua picha moja kisha inanyamaza? La tatu ni dhana ambazo inakulazimu uziazime kabla ya kupata jibu. La nne ni namna inavyostahimili chumvi, jua, mvua za mwaka, kukatika kwa umeme na safari ya kutafuta vibali. La tano ni gharama, na hapa sizungumzii bei ya kununua peke yake, bali pia mikono na elimu inayohitajika ili kitu kiendelee kufanya kazi baada ya mwaka wa kwanza.

Kigezo cha tatu nakitilia mkazo, kwa sababu ndicho kinachowaponza wengi wanaofanya kazi karibu na Ikweta. Sehemu kubwa ya elimu ya tabaka hili ilijengwa katika latitudo za kati na za juu, mahali ambapo mzunguko wa dunia unaupinda upepo kwa nguvu. Tangu V. W. Ekman alipoeleza mwaka 1905 jinsi mzunguko huo unavyougeuza mkondo kadiri unavyopanda au kushuka, hesabu nyingi za kimo cha tabaka zimeuchukua kuwa nguzo. Kanuni moja inayotumika sana kwa hewa yenye upepo, isiyopashwa joto wala kupozwa kutoka chini, huchukua kasi ya msuguano (kipimo cha nguvu ambayo upepo huikwangua nayo ardhi), huigawanya kwa kigezo cha Coriolis (namba inayoeleza nguvu ya mzunguko wa dunia katika latitudo husika, na ambayo ni sifuri Ikweta), kisha huzidisha kwa 0.3 hivi. Kwa kasi ya msuguano ya mita 0.3 kwa sekunde, kanuni hiyo inampa mtu wa Uholanzi tabaka la mita 780, jibu ambalo linaingia akilini. Mtu wa Lamu, aliye nyuzi 2.27 kusini ya Ikweta, akitumia namba zilezile anapata zaidi ya kilomita 15, juu kuliko zinakopita ndege za abiria. Aliyekosea si mtu wa Lamu. Kanuni ndiyo iliyopelekwa mahali ambapo nguzo yake haisimami.

Mfano wa pili unahusu upepo wa usiku. Mwaka 1957 Alfred Blackadar alieleza kwamba jua likitua, msuguano hulegea na upepo wa mamia ya mita juu ya ardhi huanza kuzunguka na kuzidi nguvu. Katika nyanda za Kansas, nchini Marekani, mzunguko huo mzima huchukua karibu saa 19, hivyo usiku mmoja unatosha kuona sehemu kubwa yake. Malindi ungechukua karibu siku 9, na Lamu siku 12 na nusu. Kwa hiyo upepo wa usiku ukizidi nguvu juu ya Lamu, sababu yake itafutwe kwanza katika tofauti ya joto kati ya bara na bahari na katika mkondo wa Kusi wenyewe, kabla ya kulibeba jibu la Kansas. Kila njia nitakayoitaja ina mkopo wa namna hii ndani yake, na uchaguzi mzuri mara nyingi ni kuujua mkopo unaoweza kuulipa.

Mlingoti wenye vihisi vya haraka

Mlingoti ndio njia iliyotupa ushahidi mzito zaidi. Osborne Reynolds, mwaka 1895, ndiye aliyetenganisha mwendo wa wastani na mtikisiko wake, na kipimaupepo cha sauti kilichofungwa juu ya mlingoti kinafanya kazi hiyohiyo kwa vitendo: kinatuma mawimbi ya sauti baina ya ncha zake, kinapima muda wa safari, na kutokana na muda huo kinapata kasi ya upepo kwa pande zote tatu pamoja na joto la hewa, mara 10 hadi 20 kwa sekunde. Katika nusu saa hukusanya vipimo 36,000 ikiwa kinapima mara 20. Ukiangalia jinsi hewa inayopanda inavyolandana na hewa yenye joto, unapata kiasi cha joto kinachotoka ardhini, bila kukisia.

Kazi ya Kansas ya mwaka 1968, iliyofanywa kwa mlingoti wa mita 32 katika mashamba tambarare ya ngano, ndiyo iliyozipa namba nadharia za A. S. Monin na A. M. Obukhov za mwaka 1954, zinazoeleza jinsi upepo na joto vinavyobadilika kwa kimo karibu na ardhi. Hata hapo palikuwa na funzo. Uwiano unaojulikana kwa jina la von Kármán, ambao huamua kasi ya upepo inavyoongezeka kwa kimo, ulipatikana kuwa 0.35, ilhali leo wengi wanakubali 0.40, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba mlingoti na vifaa vyake viliusumbua upepo uleule vilivyokuja kuupima. Lipo pia fumbo ambalo halijafumbuliwa kikamilifu: ukijumlisha joto na unyevu vinavyopimwa na mlingoti, jumla mara nyingi huwa pungufu ya nishati iliyoletwa na jua, kwa asilimia 10 hadi 30. Wengi wanashuku kwamba visulisuli vikubwa vinavyokwenda polepole hupita bila ya nusu saa moja kuvitambua.

Kwa upande wa kile kinachoonekana, basi, mlingoti una jicho kali kwa visulisuli vidogo na vya wastani, lakini kimo chake ni kifupi. Mlingoti wa Cabauw, Uholanzi, una mita 213, na mnara wa ATTO katika msitu wa Amazon una mita 325, lakini mlingoti ambao mtafiti wa kawaida anaweza kuusimamisha Pwani una mita 10 hadi 30. Kwa wakati hauna mpinzani, kwa kuwa unapima mchana na usiku kwa miaka. Mkopo wake ni sharti kwamba ardhi ya mbele yake iwe ya aina moja, na hapa pwani yetu inaleta ugumu. Kwa kadirio la haraka, kihisi kilicho mita 10 juu ya ardhi huchukua habari za eneo linalofika hata kilomita moja upande upepo unakotoka. Na hewa inapotoka baharini na kuvuka ufuo, tabaka jipya la nchi kavu huota ndani yake kwa kimo cha takriban sehemu moja ya kumi ya umbali kutoka ufuoni. Mlingoti wa mita 20 uliosimama mita 100 kutoka majini kwenye matuta ya mchanga ya Shela, kisiwani Lamu, utakuwa na miguu katika hewa ya mchanga na kichwa katika hewa ya bahari pindi Kusi inapovuma. Ikija Kaskazi, mlingoti huohuo utakuwa unapokea hewa iliyopita kisiwa cha Manda na mkondo wa maji. Hiyo ni milingoti miwili katika mwaka mmoja, na daftari la vipimo ligawanywe hivyo.

Kuhusu chumvi nazungumza kwa uchungu kidogo. Kipimaupepo cha vikombe nilichokifunga juu ya paa, umbali mfupi kutoka ufuoni, kiliendelea kutoa namba nzuri kwa miezi kadhaa, kisha namba hizo zikaanza kushuka pole pole kiasi kwamba nilidhani msimu unageuka. Ulikuwa ni mhimili wake ulioliwa na chumvi. Kipimaupepo cha sauti hakina mhimili wa kuliwa, lakini viungo vya nyaya vinaliwa vilevile, na matone ya mvua juu ya ncha zake huharibu vipimo vya saa hiyo. Anayefaidika na mlingoti ni mwenye swali la muda mrefu mahali pamoja na mwenye mtu wa kupanda kuufuta kila wiki mbili.

Puto, kishada na ndege ndogo zisizo na rubani

Mwaka 1913 G. I. Taylor alipanda meli ya Scotia kwenda bahari ya Newfoundland, katika doria ya barafu iliyoanzishwa baada ya kuzama kwa Titanic, akarusha vishada vyenye vipima joto. Kutokana na jinsi hewa ya joto ilivyokuwa imepoa kutoka chini kwenda juu baada ya kupita juu ya maji baridi, alipata hesabu ya mchanganyiko wa hewa. Kipimo kile hakikuhitaji mnara wala nguvu za umeme, na roho yake ingali hai katika maputo ya leo.

Puto lenye radiosondi, yaani kifurushi cha vihisi chenye redio, hupanda kwa mita 5 hivi kwa sekunde na hutuma joto, unyevu, shinikizo na upepo. Ubora wake ni kwamba hulipita tabaka zima na kuonyesha paa lake liko wapi. Udhaifu ni kwamba hulipita tabaka la kilomita moja kwa dakika tatu na ushei, hivyo likiingia katika kisulisuli kinachopanda litaleta habari za kisulisuli hicho kana kwamba ni habari za pwani nzima. Tena saa zinazotumika duniani kote kwa maputo haya, kwa saa zetu, ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Saa za kusisimua zaidi Pwani, yaani alfajiri upepo wa bara unapokoma na asubuhi upepo wa bahari unapoingia, haziguswi.

Mtafiti anaweza kurusha kwa saa azitakazo, na hapo puto hung'ara. Katika utafiti wa Wangara, uliofanywa karibu na mji wa Hay, Australia, mwaka 1967, maputo yalirushwa mara kwa mara siku baada ya siku, na siku ya 33 ya utafiti huo imekuwa kigezo cha kupimia hesabu za kompyuta hadi leo. Kwetu sisi mfano ulio karibu zaidi ni kazi ya J. Findlater, ambaye katika miaka ya 1960 alitumia vipimo vya upepo wa juu kuonyesha kwamba Kusi, kati ya kilomita moja na moja na nusu juu ya Kenya ya mashariki, ni mkondo mwembamba wenye kasi kubwa unaovuka Ikweta kuelekea Somalia na India. Mkondo huo mkubwa uliojulikana kwa jina lake unapita mlangoni petu, na mlingoti wa mita 30 usingeugundua kamwe.

Mkopo wa puto ni mdogo kwa dhana lakini mkubwa kwa uwakilishi: picha moja inatakiwa isimame badala ya saa nzima. Gharama yake haiishi, kwa maana kila mrusho unahitaji puto, gesi na kihisi kipya. Lipo jambo linalonigusa zaidi: mpira na kamba za puto lililorushwa Malindi au Lamu, kutegemea msimu, zina uwezekano mkubwa wa kuangukia baharini, katika maji ambamo kasa wanalisha. Anayepanga kurusha maputo mengi apange pia kutumia kamba ya pamba, na apime kama puto la kufungwa kwa kamba, ambalo hurudishwa chini, halitoshi kwa swali lake. Puto la kufungwa lilitumika vizuri Minnesota mwaka 1973, sambamba na mlingoti. Upepo mkali wa Kusi, hata hivyo, hulilaza ubavu. Ndege ndogo zisizo na rubani zinaweza kufika mita mia kadhaa na kurudi, lakini zinahitaji kibali cha usafiri wa anga, na katika kaunti ya Lamu mwenye kuzirusha asianze kazi kabla ya kuzungumza pia na vyombo vya usalama.

Lidari na sodari

Lidari hutuma miali ya leza isiyoonekana na kusikiliza mwanga unaorudishwa na chembe zilizo hewani. Masafa ya mwanga huo hubadilika kidogo kulingana na mwendo wa chembe, kama mlio wa honi unavyobadilika gari linapokupita. Sodari hufanya hivyohivyo kwa sauti. Zote mbili husimama chini na kutazama juu, na hilo ndilo linaloleta faraja kwa asiyetaka kupanda milingoti.

Lidari ya upepo huanza kuona mita 40 hivi juu ya ardhi na huendelea hadi mamia ya mita au zaidi, kutegemea aina yake na wingi wa chembe. Hutoa picha mfululizo ya jinsi upepo wa bahari unavyoingia, unavyonenepa na unavyokufa jioni, na kwa swali hilo sijaona chombo kinachoikaribia. Pwani yetu inaisaidia kwa namna ya pekee, kwani chembe za chumvi zinazoua milingoti ndizo zinazorudisha mwanga wake. Chembe hizohizo hutanda juu ya kioo, kwa hiyo kioo kisafishwe. Mvua nzito na wingu zito huiziba.

Mkopo wake haujulikani sana na wanunuzi. Lidari nyingi za upepo hazipimi pande zote tatu mahali pamoja. Hutuma miali kwa mwinamo kuzunguka koni, kisha huunganisha. Kwa mwinamo wa nyuzi 30 kutoka wima, kipimo cha mita 100 juu kinatoka katika duara lenye kipenyo cha mita 115, na hesabu inadhani kwamba upepo ni mmoja katika duara hilo lote. Kwa wastani wa dakika 10 juu ya bahari tambarare, dhana hiyo inakubalika. Kwa msukosuko wenyewe, au palipo na matuta ya mchanga na msitu wa mikoko ubavuni, matokeo yanaweza kupotosha, na visulisuli vidogo kuliko duara hilo havionekani sawasawa. Asemaye kwamba lidari inapima msukosuko kama mlingoti aulizwe ni msukosuko wa ukubwa gani.

Sodari ni nafuu zaidi na inafika mita mia kadhaa, lakini inahitaji utulivu. Milio yake inawaudhi majirani usiku, na kelele za injini za boti, za punda na za watu huingia katika vipimo. Mji mkongwe wa Lamu, wenye nyumba zilizobanana, si mahali pake. Shamba lililo mbali na makazi linafaa. Zote mbili zinahitaji umeme wa kutegemewa, na lidari inapoharibika, fundi wake kwa kawaida yuko ng'ambo.

Modeli za kompyuta

Wapo wanaodhani kwamba kompyuta ni njia ya kukwepa kazi ya nje, na wapo wanaoidharau kwa sababu hiyohiyo. Pande zote mbili zinaikosea. Lewis Fry Richardson, katika kitabu chake cha mwaka 1922, alijaribu kukokotoa hali ya hewa kwa mkono, na tangu hapo tatizo limekuwa lilelile: visulisuli ni vingi mno. Mchemraba wa hewa wa kilomita moja kila upande, ukitaka kuufuata hadi milimita ya mwisho, unahitaji nukta za hesabu zenye idadi ya 1 ikifuatwa na sifuri 18. Hakuna mashine inayoweza.

Joseph Smagorinsky mwaka 1963 na James Deardorff kuanzia mwaka 1970 walifungua mlango mwingine: kokotoa visulisuli vikubwa kwa uaminifu, na vidogo uvikadirie. Kwa nukta zilizoachana mita 10, mchemraba uleule unahitaji nukta milioni moja tu, na hesabu hiyo leo inawezekana kwenye kompyuta nzuri ya mezani. Programu kama PALM ya chuo cha Hannover na DALES ya Uholanzi zinapatikana bure. Faida yake ni kuona kila kitu, kila mahali, kila sekunde, na zaidi ya hapo kuweza kuuliza maswali ambayo asili haijibu: upepo wa bahari ungekuwaje kama kisiwa cha Manda kisingekuwepo? Kama mzunguko wa dunia ungeondolewa kabisa, je, Lamu ingejua tofauti? Kwa mwanafunzi wa Pwani swali hili la mwisho ni zawadi, kwa sababu modeli inamwezesha kubadilisha latitudo kwa kuandika namba moja.

Mikopo yake ni mingi. Karibu na ardhi, ambako visulisuli ni vidogo kuliko nafasi baina ya nukta, modeli hurudi kwa kanuni zilezile za Monin na Obukhov. Usiku wa shwari visulisuli husinyaa, na nukta za mita 10 hazitoshi. Kila ukipunguza nafasi kwa nusu, kazi huongezeka mara 16. Ulinganisho wa kimataifa wa GABLS, uliochapishwa mwaka 2006, ulipima modeli za namna hii kwa hewa tulivu, kwa nukta kuanzia mita 12.5 hadi mita 1, na ulionyesha jinsi matokeo yanavyotegemea wembamba wa nukta hizo. Mfano wake ulichukuliwa kutoka Akitiki, latitudo 73 kaskazini. Modeli za utabiri wa kawaida nazo zina tatizo lao: nukta zikiachana mita mia kadhaa hadi kilomita moja, visulisuli vikubwa vinaonekana nusunusu, na kanuni za kuvikadiria hazikutungwa kwa hali hiyo. John Wyngaard mwaka 2004 alilipa eneo hilo jina la nchi isiyojulikana, na bado halijapimwa lote.

Chumvi haiigusi kompyuta iliyomo ndani ya chumba, lakini umeme ukikatika katikati ya hesabu ya siku mbili, mtafiti hujifunza haraka kuhifadhi kazi yake kila saa. Gharama kubwa ni elimu: miezi ya kujifunza hesabu, programu na lugha yake.

Kumbukumbu zilizokwisha kukusanywa

Njia ya tano ni kutumia yaliyokusanywa na wengine. Hazina ya ERA5 ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, inayounganisha vipimo vya zamani na modeli, inatoa upepo, joto na kimo cha tabaka kwa kila saa tangu mwaka 1940, bure, na setilaiti zenye kifaa cha rada kiitwacho ASCAT, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2006, hutoa upepo wa juu ya bahari. Kwa picha ya misimu, na kwa kujua kama mwaka wako wa vipimo ulikuwa wa kawaida, hazina hizi hazina mbadala. Ila nukta za ERA5 zimeachana kilomita 31 hivi, na kwa macho ya namna hiyo Lamu, Manda na Pate hazitengani na bahari. Kimo cha tabaka kinachotajwa humo ni hesabu ya modeli. Msomaji asikichukue kuwa kipimo.

Kwa hali yako

Ikiwa kazi yako ni kujua mikoko inavuta kaboni kiasi gani, na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, basi mlingoti wenye kipimaupepo cha sauti na kipima gesi, uliosimama ndani ya msitu mpana na kupita vilele vya miti, hauna badala. Tafuta msitu unaoenea mamia ya mita upande wa Kusi na upande wa Kaskazi, hata kama itabidi uende mbali na gati.

Ikiwa unatathmini upepo wa kuzalisha umeme, lidari kwa mwaka mzima, ili Kusi, Kaskazi na vipindi vya matlai viingie vyote, ndiyo inayofika kimo cha mapanga ya mashine; lakini isimamishe pembeni ya mlingoti, hata mfupi, kwa miezi michache ya mwanzo, ili ujue inakudanganya wapi.

Ikiwa hofu yako ni moshi, uwe wa jaa la taka au wa mtambo, saa mbaya zaidi ni zile za usiku na alfajiri, tabaka linapokuwa fupi. Katika mjadala wa mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, ambao leseni yake ya mazingira ilifutwa Juni 2019, swali la moshi utakwenda wapi lilikuwa swali la tabaka hili. Kwa kazi kama hiyo ningechukua sodari pamoja na vipima joto katika vimo vitatu vya mlingoti, na ningeikataa ripoti yoyote inayotumia wastani wa mchana na usiku kwa pamoja.

Mwanafunzi wa uzamili mwenye mwaka mmoja na kompyuta aanze na ERA5 kwa wiki chache, kisha ajenge modeli ya visulisuli vikubwa kwa latitudo ya Malindi na aifananishe na latitudo 45. Akipata fedha za maputo 20, ayarushe yote ndani ya siku tatu, kila baada ya saa tatu na nusu hivi, badala ya kuyatawanya mwaka mzima.

Nahodha au kikundi cha wavuvi wanaotaka kujua upepo wa bahari utaingia saa ngapi hawahitaji lidari. Kipima upepo na joto ufuoni, kingine kilomita chache ndani ya bara, na kumbukumbu ya misimu miwili vitawaeleza mengi, kwa kuwa tofauti ya joto kati ya vituo hivyo viwili ndiyo inayouita upepo huo.

Shule yenye fedha kidogo ichukue puto dogo lisilo na kihisi, theodolaiti moja (darubini ya kupimia pembe) na saa. Puto hilo likijazwa sawasawa hupanda takriban mita 3 kwa sekunde, na pembe zinazosomwa kila dakika zinatoa upepo wa kila kimo kwa hesabu ya kidato. Lirushwe saa moja asubuhi na saa nane mchana, wiki moja ya Kusi na wiki moja ya Kaskazi, na daftari liandikwe hata siku ambazo puto lilimezwa na wingu kabla ya dakika ya nne, kwa sababu muda huo, ukizidishwa kwa kasi ya kupanda, ndio kimo cha chini ya wingu.